Kutafuta paka aliyepotea

Kutafuta paka aliyepotea ni jumla ya hatua zinazochukuliwa na mwenye paka ili kumpata na kumrudisha nyumbani paka-kaya (*Felis catus*) aliyetoka na kushindwa kurudi. Makala hii inahusu hasa paka wa ndani, yaani yule anayeishi ndani ya nyumba muda wote au karibu muda wote na asiyezoea mazingira ya nje. Mifano mingi imetoka katika mikoa ya Shinyanga na Geita, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Huko mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, kemikali za kuchenjulia na imani za uchawi huongeza hatari kwa paka na kwa mtu anayemtafuta.

Paka wa ndani akitoka kwa kawaida haendi mbali. Hujificha mahali pa karibu na kunyamaza, hata akisikia sauti ya mtu anayemfahamu. Kwa sababu hiyo utafutaji unaofaulu mara nyingi ni ule unaoanza mapema, unaokagua kwa makini eneo dogo linaloizunguka nyumba, na unaofanyika kwa ruhusa ya majirani.

## Paka katika Shinyanga na Geita

Katika kaya nyingi za Wasukuma na jamii nyingine za eneo hili, paka hufugwa kwa ajili ya kuwinda panya wanaoharibu mahindi, mpunga, mtama na karanga katika maghala. Paka wa aina hiyo hutoka na kurudi apendavyo, na asipoonekana siku mbili watu hawashangai.

Paka wa ndani hupatikana zaidi mijini, kwa mfano Shinyanga, Kahama, Geita na Katoro, pamoja na makazi ya wafanyakazi wa migodi. Wengi huishi katika vyumba vya kupanga. Paka hawa hawajui njia za nje, hawajazoea mbwa wala pikipiki, na wengine hawajawahi kukanyaga udongo. Kupotea kwao kunahitaji utafutaji wa namna tofauti na ule wa paka wa ghalani.

## Sababu za kupotea

Sababu za kawaida ni hizi:

* Mlango au dirisha lililoachwa wazi. Nyavu za madirisha zilizochakaa na nafasi kati ya ukuta na bati ni njia rahisi kwa paka.
* Hofu. Radi za msimu wa mvua, ambao huanza takribani Novemba na kuendelea hadi Aprili, fataki, sherehe zenye muziki mkubwa au mlipuko wa baruti mgodini huweza kumfanya paka akimbie bila kuangalia anakokwenda.
* Kutafuta mwenza. Dume ambaye hajahasiwa husafiri mbali kumfuata jike aliye kwenye joto. Jike naye huhangaika kutoka.
* Kuhama kwa familia. Kaya nyingi za wachimbaji huhama kufuata machimbo mapya. Paka aliyeletwa katika nyumba ngeni na kuachiwa siku hiyohiyo hajui bado kwamba hapo ndipo kwake. Kama makazi ya zamani hayako mbali, huenda akajaribu kuyarudia.
* Kufungiwa kwa bahati mbaya. Paka huingia katika stoo, ghala, duka au chumba cha jirani, kisha mlango ukafungwa.
* Kubebwa na gari. Paka hupenda joto la injini na kivuli cha lori. Katika barabara ya Kahama na Isaka, ambako hupita malori ya mizigo yanayokwenda Rwanda na Burundi, paka aliyepanda gari usiku anaweza kushuka mbali sana asubuhi.

## Tabia ya paka aliyepotea

Paka ni mwindaji, lakini kwa sababu ya udogo wake yeye pia huwindwa na wanyama wakubwa. Akijikuta katika eneo asilolijua hujilinda kwa kujificha na kutotoa sauti. Mwenye paka hutembea akiita kwa jina, hapati jibu, naye huamua kwamba paka hayupo pale. Kumbe paka huweza kuwa mita chache tu kutoka alipo, amebanwa na hofu. Akiwa katika hali hiyo anaweza hata kumkwaruza au kumkimbia mtu anayemlisha kila siku.

Kat Albrecht, aliyekuwa polisi huko California, Marekani, kabla ya kugeukia kazi ya kutafuta wanyama waliopotea, ni miongoni mwa waliosisitiza kwamba kimya hicho ni tabia ya kawaida. Hakioneshi kwamba paka amekufa au ameondoka. Kwa mafundisho yake, kinachotakiwa ni kuangalia kwa macho kila mahali anapoweza kujificha, na kuita peke yake hakutoshi.

Njaa, kiu na utulivu wa usiku humfanya paka aanze kusogea baada ya saa kadhaa au siku kadhaa. Wengine hurudi wenyewe mlangoni kati ya usiku wa manane na alfajiri, wakakuta mlango umefungwa na kuondoka tena.

## Matokeo ya utafiti

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida *Animals* uliwahoji wenye paka 1,210 waliopotea. Asilimia 61 ya paka hao walipatikana ndani ya mwaka mmoja, na takribani theluthi moja (asilimia 34) walipatikana wakiwa hai ndani ya siku 7 za kwanza. Baada ya siku 90 waliopatikana hai walikuwa wachache. Asilimia 75 ya waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 kutoka mahali walipotokea. Paka wa ndani walikuwa wamekwenda umbali mfupi kuliko wale waliozoea kutoka. Kutafuta kwa miguu na kwa macho kulihusishwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kumpata paka akiwa hai.

Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta kwamba asilimia 75 ya paka waliopotea walipatikana. Kati ya waliopatikana, asilimia 59 walirudi wenyewe na asilimia 30 walipatikana kwa kutafutwa mtaani.

Takwimu hizo zinatoka katika nchi zenye nyumba na mitaa ya aina nyingine. Hata hivyo tabia ya paka ni ileile, na mambo mawili yanatumika popote: kuanza mapema na kuanzia karibu.

## Namna ya kutafuta

### Ndani ya nyumba

Utafutaji huanza ndani, kwa kuwa paka wengi wanaodhaniwa kuwa wametoka hawajatoka. Hukaguliwa chini ya vitanda, nyuma ya jokofu, ndani ya kabati na masanduku ya nguo, katikati ya magunia na ndani ya ndoo kubwa.

Dari hukaguliwa kwa namna ya pekee. Katika nyumba nyingi za kupanga vyumba vyote viko chini ya bati moja na kuta haziendelei hadi juu. Paka aliyepanda darini kutoka chumba kimoja anaweza kutembea hadi juu ya chumba cha mpangaji mwingine na kushindwa kurudi. Mchana joto chini ya bati huwa kali, hivyo paka aliyekwama huko huhitaji kutolewa haraka.

### Kuizunguka nyumba

Baada ya ndani hufuata uwanja wa nyumba na nyumba zinazopakana nayo pande zote. Sehemu zinazofaa kukaguliwa ni pamoja na:

* banda la kuku, jiko la nje, choo na bafu;
* lundo la kuni, matofali, mabati au mabua;
* mtaro na kalavati, hasa wakati wa kiangazi zinapokuwa kavu;
* magari mabovu na chini ya magari yaliyoegeshwa;
* nyufa kati ya majabali, ambayo ni mengi katika vilima vya Shinyanga na Geita;
* uzio wa minyaa au mkonge.

Uzio wa minyaa (*Euphorbia tirucalli*), unaozunguka miji mingi ya Wasukuma, ni maficho mazuri kwa paka kwa sababu mbwa haingii kwa urahisi. Utomvu wake mweupe huunguza macho ya mtu na ya mnyama, kwa hiyo matawi hayavunjwi ovyo na mikono huoshwa baadaye.

Kumwomba jirani aangalie stoo yake hakutoshi, kwa kuwa mtu huchungulia mlangoni na kusema hakuna kitu. Ni vizuri zaidi kuomba ruhusa ya kuingia pamoja naye na kuinama mpaka chini.

### Usiku

Usiku wa manane, mtaa ukiwa umetulia, ndio wakati ambao paka mwenye hofu hutoka. Tochi ya kichwani, kama ile ya wachimbaji, hufaa sana kwa sababu mwanga wake hutoka usawa wa macho. Macho ya paka yana utando unaorudisha mwanga, hivyo hung'aa rangi ya kijani au njano hata akiwa mbali. Mtafutaji hutembea polepole, huita kwa sauti ya chini na husimama mara kwa mara kusikiliza. Paka akionekana hafukuzwi. Mtu huchuchumaa, hugeuza uso pembeni, huweka chakula chini na kusubiri.

Macho yanayong'aa si lazima yawe ya paka. Kanu na fungo pia hutembea usiku pembezoni mwa miji na vijiji. Kanu ana madoa na mkia mrefu wenye pete.

### Majivu na chambo

Ili kujua kama paka hufika usiku, majivu yaliyochekechwa husambazwa karibu na mlango na pembeni mwa kibakuli cha chakula. Alama ya wayo wa paka ni ya mviringo, ina vidole vinne na kwa kawaida haina alama za kucha, kwa sababu paka huzirudisha ndani anapotembea. Alama ya mbwa au nguchiro huonesha kucha.

Chambo bora ni chakula chenye harufu kali ambacho paka amekizoea. Dagaa wa Ziwa Victoria na vichwa vya samaki hutumika sana. Chakula huwekwa kidogo kidogo na kuondolewa asubuhi, kwani kikiachwa huvuta mbwa na siafu, na huzoesha paka kula bila kusogea karibu na nyumba.

### Kumkamata

Paka asiyekubali kushikwa hukamatwa kwa kizimba chenye mlango unaoanguka, au kwa chumba chenye chambo ambacho mlango wake huvutwa kwa kamba kutoka mbali. Tenga la kuku lililofunikwa kwa nguo huweza kutumika kumbebea. Kizimba hakiachwi juani wala bila kuangaliwa. Tanzi la waya halifai kamwe, kwa sababu humkata na kumnyonga mnyama.

### Kutoa taarifa

Taarifa hupelekwa kwanza kwa majirani, balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa mtaa au kitongoji. Watoto ni wasaidizi wazuri, kwani hucheza katika pembe ambazo watu wazima hawafiki. Waendesha bodaboda katika vijiwe, walinzi wa usiku na mama lishe huona mengi pia. Matangazo hutolewa katika makundi ya WhatsApp ya mtaa, na pengine baada ya ibada msikitini au kanisani.

Tangazo zuri lina picha, rangi, jinsia, mahali na siku aliyopotea. Alama moja, kwa mfano baka chini ya tumbo au ncha ya sikio iliyokatika, haitajwi. Atakayepiga simu akisema anaye paka huulizwa alama hiyo. Matapeli hutumia matangazo ya namna hii kuomba watumiwe kwanza pesa kwa simu, kwa hiyo zawadi hutolewa baada ya paka kuonekana kwa macho.

## Hatari za eneo la migodi

### Mashimo

Machimbo ya wachimbaji wadogo huwa na mashimo marefu yanayoitwa *maduara*. Yaliyoachwa mara nyingi hayana uzio, na mengine yamefunikwa na nyasi. Paka huweza kutumbukia au kushuka mwenyewe akitafuta kivuli.

Mtu haruhusiwi kumfuata paka ndani ya duara lililoachwa. Kuta zake huweza kuporomoka, na chini hewa inaweza kuwa na oksijeni kidogo au gesi yenye sumu bila dalili yoyote ya harufu. Hata maduara yanayofanyiwa kazi huporomoka. Mwezi Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa katika machimbo ya Nyangarata wilayani Kahama, na watano waliokolewa baada ya siku 41. Mwezi Januari 2017 wachimbaji 15 walifukiwa mgodini Nyarugusu, mkoani Geita, kabla ya kuokolewa.

Njia salama ni kushusha kwa kamba tenga au ndoo yenye chakula na nguo ya nyumbani, kuiacha kwa muda mrefu, kisha kuivuta polepole paka akiwa ameingia. Katika shimo fupi huegemezwa mti wenye magome au matawi ili paka apande mwenyewe. Shimo lenye mwenyewe huhitaji ruhusa yake, na wachimbaji wenyewe ndio wanaojua ukingo upi ni imara. Watoto hawatumwi kutafuta karibu na maduara.

### Zebaki na sayanidi

Wachimbaji wadogo wa Geita na Shinyanga hutumia zebaki kukamatia chembe za dhahabu baada ya mawe kusagwa kwenye makarasha. Mabaki ya mchanga, yanayoitwa *marudio*, huchenjuliwa tena kwa sayanidi katika matangi. Mnyama anayekunywa maji yenye sayanidi anaweza kufa ndani ya dakika chache.

Kwa paka kuna hatari ya ziada. Yeye hujisafisha kwa kulamba manyoya, hivyo tope lililomgusa mwilini huishia tumboni. Paka aliyepatikana karibu na eneo la kuchenjulia huoshwa kwa maji mengi na sabuni isiyo kali kabla ya kuachwa ajilambe, na anayemwosha huvaa glovu.

Paka wana nafasi katika historia ya sumu ya zebaki. Huko Minamata, Japani, katika miaka ya 1950, paka waliokula samaki wenye zebaki ya kikaboni kutoka kiwandani walionekana wakitetemeka na kuyumba kabla ugonjwa wa watu haujatambuliwa rasmi mwaka 1956. Mji huo ndio uliotoa jina la Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017.

### Sumu ya panya

Mijini na vijijini panya huuawa kwa sumu. Paka mwenye njaa anayekula panya aliyekufa kwa sumu anaweza kudhurika naye. Dalili kama kutokwa damu, kutetemeka, kutokwa mate mengi au kupumua kwa shida huhitaji daktari wa mifugo mara moja.

## Imani za uchawi na usalama wa mtafutaji

Katika jamii nyingi za Tanzania paka, hasa mweusi, huhusishwa na uchawi pamoja na bundi na fisi. Paka mgeni anayelia juu ya bati usiku huweza kupigwa mawe au kuuawa kwa kudhaniwa ametumwa. Hii ni sababu moja ya kuwaarifu majirani mapema: paka anayejulikana ni wa nani ana nafasi kubwa zaidi ya kubaki hai.

Hatari humfikia pia mtafutaji. Mtu anayenyemelea nyuma ya nyumba za watu usiku wa manane akiita kwa sauti ya chini anaweza kudhaniwa mwizi au mchawi. Jambo hilo si dogo katika eneo hili. Shinyanga na Geita ni miongoni mwa mikoa iliyojulikana kwa mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi, hasa wanawake wazee, ambao baadhi yao walishukiwa kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928, inakataza kumtuhumu mtu kuwa mchawi, lakini tuhuma hizo hazijakwisha.

Kwa hiyo utafutaji wa usiku hufanywa na watu wawili au zaidi, wakiwa na tochi zinazowaka wazi, baada ya kumwarifu balozi, mwenyekiti na walinzi wa jadi wa *sungusungu*. Sungusungu walianza katika Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, na katika sehemu nyingi bado hufanya doria usiku. Wakiarifiwa, hugeuka kutoka tishio kuwa msaada, kwa kuwa ndio walio macho saa ambazo paka hutembea. Mzee anayeishi peke yake asitumwe wala asiachwe kutafuta peke yake usiku.

Kumtesa paka kunakatazwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Malalamiko yanaweza kupelekwa kwa afisa mifugo wa kata au polisi.

## Baada ya kupatikana

Paka aliyerudi huwekwa katika chumba kimoja tulivu, akapewa maji kwanza na chakula kidogo mara kwa mara. Paka aliyekaa siku kadhaa bila kula yumo katika hatari ya kupata ugonjwa wa ini kujaa mafuta, kwa hiyo asiyekula baada ya kurudi apelekwe kwa daktari wa mifugo. Asipewe dawa za binadamu. Parasetamoli, hata kidogo, huweza kumuua paka.

Majeraha ya kuumwa hukaguliwa kwa makini kwa sababu ya kichaa cha mbwa, ugonjwa unaowapata paka pia na ambao karibu daima huua dalili zikishaonekana. Mtu aliyeumwa au kukwaruzwa wakati wa kumkamata paka huosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha huenda hospitali siku hiyohiyo kuulizia chanjo. Paka ambaye amebadilika ghafla, anayeshambulia bila kuchokozwa au anayeshindwa kumeza hashikwi. Afisa mifugo huitwa.

## Kuzuia

* Kuziba nafasi kati ya ukuta na bati na kutengeneza nyavu za madirisha.
* Kumhasi dume na kumfunga kizazi jike.
* Kumchanja dhidi ya kichaa cha mbwa.
* Kumfungia ndani wiki kadhaa baada ya kuhamia nyumba mpya.
* Kumzoesha mlio mmoja wakati wa chakula, kama kugonga sahani, ili mlio huo umvute akipotea.
* Kumvalisha ukosi wenye namba ya simu, ulio wa aina inayofunguka ukinasa.
* Kutunza picha zake za pande zote na kuwaonesha majirani paka huyo mapema.

Katika nchi kadhaa paka huwekewa chipu chini ya ngozi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 katika vituo vya kuhifadhi wanyama ulikuta kwamba asilimia 38.5 ya paka wenye chipu walirudishwa kwa wenyewe, wakati kwa paka wote walioletwa kama wapotevu ilikuwa asilimia 1.8. Chipu hufaa pale tu palipo na kifaa cha kuisoma. Katika mitaa ya Kahama au Katoro, jirani anayemfahamu paka na mwenyewe bado ndiye utambulisho unaofanya kazi haraka zaidi.

## Tazama pia

* Paka
* Kichaa cha mbwa
* Sungusungu
* Mkoa wa Geita
* Mkoa wa Shinyanga